Ugomvi na Somo

Wakubwa wa chuo kile waliandika neno "siri" kwa herufi kubwa nyekundu, wakalipigilia ukutani ili kila mtu alione. Kibao kilisomeka OFISI YA USULUHISHI, HUDUMA NI YA SIRI, kikachorewa mshale, na mshale ukaelekezwa kwenye mlango uliotazamana na kantini. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetaka kusuluhishwa kimyakimya alipaswa kwanza apite mbele ya watu wanaokunywa chai na maandazi. Wafadhili walikuwa wameleta meza, viti, feni na kabati lenye kufuli. Akili ya kuchagua mlango hawakuileta. Hiyo walidhani tunayo.

Ofisi hiyo alipewa Rosalia, mama wa Mbinga aliyefundisha Kiswahili katika sekondari za wasichana miaka nenda rudi kabla ya kupelekwa kozi ya usuluhishi. Alikuwa mwema, msikivu, tena mwenye huruma ya kweli, siyo ile ya kuonyesha watu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kuacha kosa la sarufi lipite. Padri akiteleza kwenye mahubiri, Rosalia hukunja uso palepale kwenye benchi. Mumewe alishazoea kusahihishwa hata akiwa na homa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba imejaa kila kona ya Temeke, kila mwenye jokofu anauza barafu, na kila mwenye jokofu analia kwa mgao wa umeme. Feni ya Rosalia ilisimama kuliko ilivyozunguka. Mchana mmoja wa joto kali, amefungua dirisha apate japo upepo wa kuomba, akaingia binti mmoja wa mwaka wa pili, mwembamba, amejitanda shungi jeupe, vitabu amevikumbatia kifuani. Alijitambulisha kuwa anaitwa Zuena Kondo. Akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu ambaye hajaamua kama anakaa au anaondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Humu ndani jambo likisemwa linaishia humu. Mkuu wa chuo hajui, walimu wako hawajui, hata mume wangu hajui. Sawa?"

"Sawa mama."

"Haya. Una mgogoro na nani?"

Zuena alitazama dirishani. Kule kantini mtu alikuwa akicheka. Mguu wake wa kulia ulikuwa unachezacheza chini ya kiti, hautulii.

"Mie na somo yangu, mama."

"Somo langu," Rosalia akasahihisha, kwa upole, akitabasamu, kama alivyokwisha kusahihisha maelfu ya wasichana.

Zuena akainua macho. Akafungua mdomo, akaufunga. Alimtazama yule mama mwenye mvi za pembeni, umri wa mamaye au zaidi, akainamisha kichwa.

"Ndiyo, mama."

"Somo gani hilo?" Rosalia aliuliza, na kwa kuwa wanafunzi wote wa mwaka wa pili walikuwa wakilia na jambo moja, akajijibu mwenyewe. "Takwimu, siyo?"

Mguu ukasimama.

"Ndiyo, mama," binti akasema kwa sauti ndogo.

"Limekufikisha pabaya eh?"

"Nisiposaidiwa wiki hii mama, mie chuo basi tena. Ijumaa ndo mwisho."

Kwa Rosalia hilo lilikuwa wazi kama mchana. Ijumaa kulikuwa na jaribio, na wanafunzi walikuwa na neno lao wenyewe la mwenzao anayefukuzwa kwa kufeli: amedisko. Moyo ukamwuma. Binti huyu alionekana kwao si watu wa uwezo. Akirudishwa nyumbani, nani atamrudisha tena?

"Hutadisko," alisema. "Niachie mimi."

Zuena alinyanyuka, akafika mlangoni, akageuka. Alikuwa na neno. Rosalia aliliona lile neno likimpanda hadi kooni. Lakini alichosema kilikuwa: "Mama, nakuomba. Asijue mtu."

"Hajui mtu," Rosalia akaahidi.

Sasa sikiliza jinsi mtu mwema anavyojipiga chenga. Rosalia alikaa pale akijipepea na faili, akawaza: siri ni siri, lakini siri ya hesabu ni siri gani? Angekuwa amegombana na mpenzi, au na mwalimu anayemtaka, hapo sawa, ningekufa nayo. Lakini Takwimu! Takwimu haina jina la kuharibiwa. Kumwomba mwalimu amsaidie mtoto si kutoa siri, ni kutoa msaada. Alizunguka ile meza, akaizunguka tena, na aliposimama alikuwa ameshajiruhusu.

Mwalimu wa Takwimu aliitwa Gervas, mtu wa Masasi, rafiki wa Rosalia kwa kuwa wote walitoka kusini na wote walikosa ugali wa muhogo mjini. Alikuwa na roho nzuri na sauti ya kengele ya misheni. Rosalia alimkamata kwenye korido.

"Kuna binti, Zuena Kondo, amegombana na somo. Amekuja kwangu mpaka machozi yanamlengalenga. Mpe japo saa moja ya ziada kabla ya Ijumaa. Lakini tafadhali, Gervas, ibaki kwetu."

"Zuena Kondo," Gervas alisema, akitafuta uso kati ya nyuso za darasa lake lililofurika hadi madirishani. "Simkumbuki. Nitaangalia."

Akaangalia. Kesho yake saa ya chai kantini ilikuwa imejaa. Rosalia alikuwa kwenye foleni ya chai, na kwenye meza ya katikati alikuwepo Bi Zubeda, mlezi wa bweni la wasichana, mwanamke wa makamo, Mzaramo wa hapahapa Dar, mpole, nadhifu, mwenye kuheshimiwa hata na walinzi. Alikuwa na kitumbua mkononi. Gervas aliingia akihema, akamwona Rosalia kule mbele, na badala ya kumfuata akapiga kengele yake pale pale mlangoni.

"Mama Rosalia! Nimeangalia! Yule Zuena wako anaongoza darasa! Sasa amegombanaje na somo mpaka anakuja kushtaki kwenye usuluhishi?"

Kantini ikaangua kicheko. Watu wa bara walicheka kwa kuwa ni kichekesho mtu kuishtaki Takwimu. Lakini mhasibu mmoja wa Bagamoyo, aliyekaa karibu na Bi Zubeda, hakucheka. Alimtazama Bi Zubeda mara moja, kisha akaangalia kikombe chake kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu.

"Nani kagombana na nani?" Bi Zubeda aliuliza, polepole.

"Zuena, binti wa bweni lako. Na somo!"

Bi Zubeda aliweka kitumbua kwenye kisahani. Akafuta vidole, kimoja kimoja, akatengeneza mtandio, akatoka. Hakuaga. Mtu ambaye haijawahi kutokea apite mbele ya watu bila salamu, alipita mbele ya Rosalia kama anayepita mbele ya ukuta.

Siku ile Rosalia hakukalika. Alimsema Gervas mpaka Gervas akaomba radhi mara tatu, na bado hakukalika. Alifungua kabati, akalifunga. Alikwenda maktaba kutafuta kitabu asichokihitaji. Kosa lake analijua: ametoa jina la mtoto, na jina limefika kantini. Lakini yule Bi Zubeda alikasirikia nini? Na binti anayeongoza darasa analia nini? Nyumbani aliunguza maharage, na mumewe, ambaye hakuruhusiwa kuambiwa kitu, akala bila kuuliza.

Asubuhi alikuwa uani, Temeke, anasugua sufuria iliyoungua. Upande wa pili wa ua wa mabati jirani yake Salma alikuwa akimwita mama mmoja wa nyumba ya tatu, kama alivyomwita kila siku ya Mungu:

"Somo! Somo yangu wee! Umeamkaje huko? Una chumvi?"

Sufuria ikamponyoka Rosalia, ikaviringika mpaka kwenye mfereji.

Somo yangu. Kama rafiki yangu, kama dada yangu. Alikuwa akilijua neno lile! Alilifundisha kidato cha tatu, akalitungia na swali la mtihani. Somo ni yule mwanamke anayemchukua binti akishavunja ungo, anayemweka ndani na kumfunda, anayebaki na siri zake maisha yake yote, mpaka siku ya ndoa na baada ya ndoa. Mwenyewe humwita binti huyo mwali wangu. Rosalia alilisikia kila asubuhi juu ya ua ule na masikio yake hayakulipokea, maana kwao Mbinga halikuwepo, na yeye alishaamua kuwa somo ni kile kinachoandikwa ubaoni. Binti wa watu alikuja kusema kweli kwa Kiswahili cha mama yake, Kiswahili safi kuliko chake, na yeye akamsahihisha.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti. "Bi Zubeda ndiye somo yake."

Na kwa watu wa pwani, kumpeleka somo yako mbele ya wageni ni kumvua nguo sokoni.

Alifika bwenini hata kandambili hajabadilisha. Zuena alikuwa peke yake chumbani, begi limefunguliwa kitandani, anakunja nguo, anazikunjua, anazikunja tena. Macho yamevimba.

"Shikamoo mama," alisema, maana hata hapo adabu haikumtoka.

"Marahaba. Mwanangu, nimekosa. Nimekosa mara mbili. Sikukuelewa, halafu nikasema."

Zuena aliketi juu ya nguo. Na kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuficha, akasema yote.

Kuna kijana anaitwa Jabiri, mfanyabiashara, ana duka Kilwa. Alimwona Zuena kwenye harusi ya ndugu, akatuma washenga kwa heshima zote. Baba yake Zuena, Mzee Kondo wa Vingunguti, akamtuma somo amwulize binti. Zuena akasema ndiyo. Baba akamwita mbele ya ami zake, akamwuliza tena. Zuena akainamisha kichwa. Ndoa ni Ijumaa hii baada ya swala. Baada ya ndoa ni Kilwa, na kwa upande wa Jabiri mke hakai bweni la chuo. Hapo ndipo chuo kinapoishia.

"Jabiri si mbaya, mama. Hana baya lolote. Ni mie tu ndo bado."

"Sasa mbona ulisema ndiyo?"

Zuena alimtazama kama vile ameulizwa kwa nini anapumua. "Ningesemaje? Anayeuliza somo. Anayeuliza baba. Mie nilikuja kwako wewe ukae naye, umwambie yale ambayo mie siwezi kumwambia huku nikimtazama usoni. Kimyakimya tu, mama. Somo angesikia, angemwambia baba, na ishu ingeisha. Sasa hivi anajua mie nimemshtaki. Jana nilikwenda kumwamkia, kanifungia mlango. Kaniambia tafuta somo mwingine."

"Nitakwenda nimwambie sasa hivi. Nitamwambia kwamba—"

"Hapana!" Ilikuwa mara ya kwanza Rosalia kusikia neno hilo kinywani mwake, na lilimtoka kwa woga. "Usiseme kitu tena, mama. Umeshasema ya kutosha. Ukimwambia leo ataona nakutuma wewe umkaripie. Niahidi. Niapie."

Rosalia aliapa. Hakuwa na uso wa kukataa.

Nenda sasa ukamwombe radhi mtu wakati mdomo umefungwa. Rosalia alishuka ngazi, akapanda, akashuka. Chumba cha Bi Zubeda kilikuwa mwisho wa korido ya chini, pazia jekundu mlangoni. Alisimama nje ya pazia akitafuta la kusema, na kila aliloliona lilikuwa la Zuena, si lake. Mwishowe akapiga hodi bila la kusema.

"Karibu, mpatanishi," Bi Zubeda alijibu. Alikuwa anapanga kanga za harusi sandukuni, doti kwa doti, na hakugeuka. "Umekuja kunipatanisha na nani? Maana mie sijagombana na mtu."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Wewe umefanya kazi uliyoajiriwa. Mwali wangu ndo kaniweka mezani kantini, nikaliwa na vitumbua." Sauti yake ilikuwa laini, na ulaini huo ndio uliochoma. "Yule mtoto nimemfunda mie. Siri zake nyingine hata mamaye hazijui. Mie sijawahi kumtoa nje hata kwa utani. Leo yeye ananipeleka kwa mtu wa kuja. Samahani, lakini ndivyo ulivyo."

"Ndivyo nilivyo," Rosalia alikubali.

Bi Zubeda akageuka. "Alikwambia nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu. Sentensi moja tu, kwamba binti hajaridhia, na mama huyu angeiacha ile kanga ianguke. Sentensi ilikuwa ulimini, imeiva. Lakini ilikuwa ya Zuena, na juzi tu Rosalia alikuwa amechukua cha Zuena akakigawa kwa nia njema, na matokeo yake ndiyo haya.

"Sina ruhusa ya kusema."

"Ruhusa! Na jana kantini mlipewa ruhusa na nani?"

"Hatukupewa. Jana ni kosa langu mimi. Hilo ni langu, naweza kukusimulia. La kwake siwezi."

Bi Zubeda akakisogeza kiti kwa mguu. Rosalia akaketi na kusimulia, bila kujipaka mafuta: binti aliingia, akamwuliza ana mgogoro na nani, binti akasema mie na somo yangu.

"Nami nikamwambia, somo langu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamsahihisha. Nilidhani ni somo la darasani."

Bi Zubeda aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Kicheko kikamshinda nguvu, akakaa kitandani juu ya doti zote zile, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwalimu wa Kiswahili! Kamsahihisha mtoto somo yake! Yaani mie, Zubeda, nimekuwa hesabu! Nyie watu wa bara nyie, mtatuua!" Akafuta macho. "Enhe? Na yeye akasemaje?"

"Akasema, ndiyo, mama."

"Ndiyo?"

"Nikamwuliza kama ni Takwimu. Akasema, ndiyo, mama."

Kicheko kilikatika. Kanga ilibaki shavuni, mkono haushuki. Nje msichana alipita akiburuta ndoo ya maji, na mlio wa ndoo ukaenda mpaka ukaishia upande wa pili wa korido.

"Alijua umekosea," alisema hatimaye.

"Alijua."

"Akasema ndiyo." Alinyanyuka, akaenda dirishani, akarudi. "Ni mie niliyemfunza hivyo. Mkubwa akikosea usimwumbue. Itika, inama, subiri. Nikamfunda wiki nzima hilo tu, na alivyokuwa mwepesi wa kushika, nikajisifu kwa mamaye." Akaketi, akasimama tena. "Baba yake aliponituma nimwulize kama anamtaka Jabiri, nilimwulizia humu. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe. Akaniambia, ndiyo, somo. Nikatoka mbio na ndiyo yake mpaka Vingunguti, kama nimeokota dhahabu."

Rosalia alitazama sakafu. Hakutikisa kichwa juu wala chini, hakuguna, hakukohoa. Alikaa kama gogo, na kukaa huko kulimgharimu.

"Usinijibu," Bi Zubeda alisema. "Sikuulizi." Akafungua pazia, akaita kwa sauti ambayo bweni lile halikuwahi kuisikia kwake. "Zuena! Mwali! Njoo hapa!"

Zuena alikuja akitembea kando ya ukuta. Alipomwona Rosalia ndani, uso ukamsawijika.

"Sijasema," Rosalia alimwambia.

"Hajasema," Bi Zubeda akathibitisha. "Nimembana, kagoma. Sasa simama hapo. Huyu mama alikusahihisha ofisini kwake. Alikuwa sawa?"

Binti akavuta shungi mbele.

"Nakuuliza."

"Mama alikuwa... mama hakujua..."

"Sikuulizi alijua nini. Alikuwa sawa au alikosea? Yuko hapa. Mtazame. Mwambie."

Rosalia amewahi kutazamwa na watu wengi wenye hasira. Hakuna aliyemtisha kama binti yule asiye na hasira, anayehangaika kuinua kope zake kama anainua gunia. Mguu ulikuwa umeanza tena kuchezacheza.

"Ulikosea, mama," Zuena alisema.

"Nilikosea," Rosalia alijibu upesi, amsaidie.

"Umeona?" Bi Zubeda alisema. "Kakasirika? Kafa? Haya, sasa mie. Mie nimekukosea wapi?"

"Somo, hujanikosea—"

"Zuena!"

Kilichofuata hakikuwa na mpangilio. Kilitoka vipandevipande, na kilio katikati, na kuanza upya. Uliniuliza huku umeshika kanga ya harusi mkononi, somo. Ulikuwa umefurahi. Uliniuliza kama mtu anayetoa zawadi, nani anakataa zawadi? Mie nilikuwa nataka nimalize. Kwetu hakuna aliyemaliza. Ulishaniambia mwenyewe wakati nipo ndani, mwanamke na kazi yake, halafu ukaja na kanga. Rosalia alitaka kutoka awaachie faragha, lakini Bi Zubeda alimshika mkono akamkalisha. Bi Zubeda mwenyewe alisikiliza mpaka mwisho. Alilia bila kujificha, na alipomaliza kulia alikuwa amekasirika, na ilionekana wazi amejikasirikia mwenyewe.

"Vaa baibui," alisema. "Twende Vingunguti. Nitakusindikiza, lakini sitakusemea. Nikikusemea tena nitakuwa nimekuua."

Walikwenda wote watatu. Mzee Kondo alikuwa mchinjaji wa kondoo na mbuzi, mtu mfupi mwenye mikono mipana, na nyumba yake ilikuwa karibu na machinjio kiasi kwamba kunguru wa machinjio walikuwa pia kunguru wake. Uani palishajaa. Masufuria ya kuazima yamepangwa, mkeka mpya umekunjwa ukutani, ami zake Zuena wanakunywa kahawa. Rosalia akaachwa nje kwenye benchi, maana mambo ya ndani ni ya ndani. Mbuzi wa harusi walikuwa wamefungwa karibu naye. Alikaa, akasimama. Alisoma tangazo la soda lililochorwa ukutani, akalisoma tena, na kwa mara ya kwanza maishani hakuona kama lina makosa.

Alisikia sauti ya baba, ya kawaida. Kisha sauti ya Zuena, ndogo mno hata maneno hayakufika. Kisha ami mmoja akisema "Astaghfirullah!" na kikombe kikivunjika. Halafu Mzee Kondo akapaza sauti, na hiyo ilisikika mpaka kwa majirani: washenga wamekula, watu wamealikwa mpaka Kimbiji, ataficha wapi uso wake? Rosalia aliweka mikono juu ya kichwa. Alitaka kuingia, na alijua kwamba akiingia ataharibu.

Mzee Kondo alitoka nje ghafla, kofia imekaa upande, binti yake na Bi Zubeda nyuma yake. Akamkuta Rosalia.

"Wewe ndo mwalimu wa huko chuo?"

"Shikamoo mzee. Ndiye mimi."

Hakuitika. "Mtoto wangu kaniambia hapana. Mbele ya kaka zangu. Huyu, ambaye tangu kuzaliwa hajaniambiaga hapana! Nani kamfundisha? Ni nyie huko?"

Rosalia alifungua mdomo ajitwike kosa. Kwa kweli angelibeba, na lingemstahili. Lakini Bi Zubeda alipita mbele yake.

"Nimemfundisha mie, Mzee Kondo. Leo asubuhi. Mie ndo somo yake, nani mwingine atamfundisha? Na kwa kina Jabiri nitakwenda mie mwenyewe, niwaambie mie ndo niliyeleta jibu lisilokuwepo. Wanitukane mie."

Mzee Kondo alimwangalia, akamwangalia Rosalia, na mwisho kabisa, kama vile ndiye aliyemwogopa kuliko wote, akamgeukia binti yake. Hasira ilikuwa bado imejaa usoni lakini haikupata pa kukaa.

"Siku ile nilipokuuliza mbele ya ami zako," alisema, "ukainamisha kichwa. Ulikuwa unaniambia nini?"

Zuena alimtazama. Hakuinama.

"Nilikuwa naona haya, baba."

Mzee alivua kofia. Alijifuta nayo uso, taratibu, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, na alipoishusha macho yalikuwa mekundu.

"Basi mie nilikuwa naiozesha haya yako," alisema.

Kisha akaenda kwa wale mbuzi, akaanza kuwafungua kamba mmoja mmoja, na Zuena akaenda kumsaidia.